Anayetetemeka Asifichwe Ndani: Jamii na Mgonjwa wa Parkinson

  Kama una kazi mkononi, endelea nayo. Unaweza kuchambua mboga huku ukisikiliza. Lakini kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye mkono wake unatetemeka, tafadhali mwite aje aketi karibu na redio. Mazungumzo ya leo ni yake na ni yako.

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Kazi yangu ni katika zahanati, na siku mbili kwa wiki mimi huenda nyumba kwa nyumba pamoja na wahamasishaji wa afya ya jamii. Leo ningependa tuzungumze kuhusu ugonjwa uitwao Parkinson, na hasa kuhusu jambo moja: mgonjwa huyu hapaswi kufichwa ndani wala kuachwa akae tu. Anahitaji dawa, ndiyo. Lakini pia anahitaji kutembea, kuimba, kunyoosha viungo na kuwa na watu. Hayo sisi majirani tunaweza kumpa.

Acha nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikwenda katika boma moja kumtafuta mtoto aliyekosa chanjo ya surua ya miezi tisa. Nilipomaliza na mtoto, nikasikia mtu akikohoa katika chumba cha nyuma. Mama wa mtoto akaniambia kwa sauti ya chini, "Ni mama mkwe, sista. Siku hizi hatoki."

Nyanya huyo nilimfahamu. Alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama, na kanisani yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Sasa alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda. Mkono wake wa kulia ulitetemeka juu ya paja, kidole gumba kikisuguana na vidole vingine kama mtu anayehesabu noti. Uso wake haukuonyesha furaha wala hasira.

Mke wa mwanawe alinieleza yaliyotokea. Siku moja nyanya alikuwa akihesabu pesa za chama, sarafu zikamwagika mbele ya watu. Mara ya pili akamwaga chai. Mmoja akasema nyanya anakunywa changaa kwa siri. Mwingine akasema ni laana, huenda amekula pesa za watu. Familia ikaona aibu, na kwa kumlinda mama yao, wakamwambia akae nyumbani.

Na mimi nilisema nini? Nilimpima shinikizo la damu, nikaona liko sawa, nikasema ni uzee. Nikawaambia, "Mwacheni nyanya apumzike, msimsumbue." Nilikosea mara mbili. Sikumpeleka kwa daktari, tena nikamfunga kwenye kiti kwa maneno yangu.

Nilipomwona tena baada ya miezi minne, mgongo ulikuwa umepinda. Hakuweza kujigeuza kitandani. Ngozi ya kiuno ilikuwa imeanza kuchubuka kwa sababu ya kulala upande mmoja. Sauti yake ilikuwa mnong'ono. Akaniambia, "Msichana wangu, ulisema nipumzike. Nimepumzika mpaka nimeganda."

Maneno hayo sijayasahau, na ndiyo sababu ninazungumza nanyi leo.

PARKINSON NI UGONJWA GANI?

Ndani kabisa ya ubongo wetu kuna chembe zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hii husaidia ubongo kuongoza mwili utembee vizuri, bila kukwama. Unaweza kuifananisha na mafuta ya cherehani. Mafuta yakiisha, cherehani haijavunjika, lakini gurudumu ni zito na sindano inakwama. Kwa mgonjwa wa Parkinson, chembe hizo hufa kidogo kidogo na dopamini hupungua.

Ugonjwa huu umepewa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza katika maandishi yake ya mwaka wa 1817. Alizaliwa tarehe 11 Aprili 1755, na ndiyo sababu tarehe 11 Aprili kila mwaka ni Siku ya Parkinson Duniani.

Dalili zake kubwa ni nne. Ya kwanza ni kutetemeka, hasa mkono ukiwa umetulia, na mara nyingi huanza upande mmoja wa mwili. Ya pili ni mwili kuwa mzito na polepole. Kufunga kifungo kimoja cha shati kunaweza kuchukua dakika nzima. Ya tatu ni misuli kukakamaa. Ya nne ni kukosa usawa wakati wa kusimama au kugeuka, na hii mara nyingi huja baadaye.

Lakini kuna dalili nyingine ambazo watu hawazitambui. Mgonjwa anaweza kupoteza uwezo wa kunusa miaka mingi kabla ya kutetemeka. Anaweza kufunga choo, kupiga kelele na kurusha mikono usingizini, au mwandiko wake ukawa mdogo sana. Sauti hufifia. Uso hukaa bila kubadilika, na watu wa nyumbani hudhani amekasirika. Wengi pia hupata huzuni nzito. Huzuni hiyo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe na hutibiwa. Usiseme ni ukaidi.

Ugonjwa huu huwapata zaidi watu waliopita miaka 60, lakini wapo wanaoupata kabla ya miaka 50, hata akina mama ambao bado wanalea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi nao. Bondia Muhammad Ali alikuwa nao. Wengi walimwona mwaka wa 1996 akiwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta huku mkono ukitetemeka mbele ya dunia nzima. Papa Yohane Paulo wa Pili, ambaye alizuru Kenya mwaka wa 1980, 1985 na 1995, naye aliugua Parkinson hadi alipofariki mwaka wa 2005. Watu hao hawakuwa walevi, wala hawakurogwa.

SI LAANA, WALA HAIAMBUKIZI

Msikilizaji, nalitaja jambo hili kwa uzito. Katika baadhi ya sehemu za nchi yetu, kama vile Kilifi na Kisii, wazee wameuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi. Mzee anayetetemeka, asiyecheka, anayetembea usiku kwa sababu usingizi umekataa, anaweza kusingiziwa mengi. Neno moja la ovyo kisimani au sokoni linaweza kumhatarisha.

Jirani zetu wa Uganda wanalijua jambo hili. Huko kuna imani kwamba anayetetemeka amevunja mwiko wa wakwe, na hali hiyo huitwa buko. Chama cha wagonjwa na walezi nchini humo kilijiita Parkinson's Si Buko, yaani Parkinson si buko. Jina lenyewe ni somo.

Basi nasi tuseme hapa: Parkinson si laana. Haiambukizi. Unaweza kula naye sahani moja, kulala naye chumba kimoja, na kumpa mtoto ampakate akiwa ameketi vizuri.

HATUA YA KWANZA NI HOSPITALI

Si kila anayetetemeka ana Parkinson. Tezi ya shingo, pombe, na hata dawa fulani zinaweza kumfanya mtu atetemeke. Kwa hivyo usimpe mgonjwa jina la ugonjwa wewe mwenyewe. Mpeleke katika kituo cha afya, uombe barua ya kumwona daktari katika hospitali ya kaunti. Daktari atamtazama anavyotembea, atakunja mikono yake, atauliza maswali mengi. Beba dawa zote anazotumia, hata za kienyeji. Hakikisha pia amesajiliwa na SHA, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF. Kama ugonjwa umemfanya ashindwe na kazi za kila siku, uliza hospitalini kuhusu tathmini ya ulemavu ili asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Hakuna dawa inayoponya Parkinson kabisa. Lakini ipo dawa inayorudisha mwendo kwa kiasi kikubwa. Dawa inayotumiwa zaidi ni levodopa, ambayo huchanganywa na kabidopa katika tembe moja. Shika mambo haya matano.

Moja, tembe zimezwe kwa saa zile zile kila siku. Ukichelewesha, mgonjwa anaweza kukwama katikati ya nyumba.

Mbili, azimeze kwa maji, si kwa chai ya maziwa. Maziwa, nyama, mayai, maharagwe na omena vina protini, na protini hushindana na dawa hii tumboni. Kwa kawaida ni vizuri ameze nusu saa kabla ya chakula au saa moja baada ya kula. Akisikia kichefuchefu, ampe tumbo kitu kidogo kisicho na protini nyingi, kama kipande cha ndizi. Usimnyime vyakula hivyo. Panga saa tu. Tembe za kuongeza damu zenye madini ya chuma pia zitenganishwe na dawa hii.

Tatu, msikatize dawa ghafla hata kama zimebaki chache. Kuacha ghafla kunaweza kuleta hali ya hatari. Tafuteni nyingine kabla hazijaisha.

Nne, mgonjwa wa Parkinson akienda dukani kununua dawa ya kutapika, mwenye duka aambiwe. Dawa iitwayo metoklopramidi huzuia kazi ya dopamini na humzidishia ugonjwa. Vilevile haloperido, ambayo hutolewa kwa waliochanganyikiwa.

Tano, upupu. Wengi huniuliza. Ni kweli kwamba mbegu za upupu zina levodopa ndani yake. Lakini huwezi kujua kila mbegu ina kiasi gani, na ukiongeza juu ya tembe unaweza kumzidishia dawa. Usimpe bila kuzungumza na daktari.

MWILI UNAOTUMIWA HAUGANDI UPESI

Turudi kwa nyanya wetu. Alipomwona daktari na kuanza tembe, alipelekwa pia kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mtaalamu huyo alituambia kwamba dawa hufungua mlango, lakini mgonjwa mwenyewe lazima aupite. Maana yake ni kwamba wakati dawa inafanya kazi, ndipo mwili utumiwe. Kwa wengi wakati huo huanza nusu saa hadi saa moja baada ya kumeza tembe.

Hapa kuna mazoezi ambayo unaweza kuyafanya nyumbani. Anza kidogo. Akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi, simamisheni. Na kama ana ugonjwa wa moyo au alianguka karibuni, muulize mhudumu wa afya kwanza.

Kuinuka kitini. Tumia kiti kigumu chenye mikono, kisiwe kifupi. Asogee mbele ya kiti, arudishe miguu nyuma kidogo, ainamishe kifua mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha mhesabu pamoja moja, mbili, tatu, asimame. Asimame kidogo kabla ya kutembea, kwa sababu ugonjwa huu na dawa zake vinaweza kushusha shinikizo la damu.

Kutembea. Mwambie apige hatua kubwa, kisigino kitangulie, mikono ichezeshwe. Msizungumze mambo mazito mkitembea. Wengi wao hawawezi kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Akitaka kugeuka, asizunguke papo hapo kwa mguu mmoja. Azunguke kwa upana, kama matatu inavyogeuka uwanjani.

Kukwama. Wakati mwingine miguu hugandamana na ardhi, hasa mlangoni. Ewe mlezi, usimvute mkono! Ukimvuta, mwili utakuja na miguu itabaki, ataanguka. Mwambie asimame, apumue, ahamishe uzito kutoka mguu huu hadi ule, kisha apige hatua moja kubwa. Unaweza kuweka mguu wako mbele yake auruke, au uchore mistari ya chaki sakafuni mlangoni aikanyage mmoja mmoja. Mdundo pia husaidia. Piga makofi au anzisha wimbo, na mara nyingi miguu itaufuata wimbo.

Sauti. Kila siku avute pumzi, aseme "aaa" kwa nguvu na kwa muda mrefu, mara kumi. Asome kwa sauti, aite kuku, aimbe. Sauti isiyotumiwa hufifia, na koo likilegea hata kumeza kunakuwa shida.

Kula. Aketi wima, ale tonge ndogo, ameze kabla ya kuongeza. Kama hupaliwa na maji au chai, mweleze mhudumu wa afya. Uji mzito kiasi huwa rahisi kumeza kuliko maji. Maji ya kutosha, sukuma wiki, matunda na nafaka visikosekane, kwa ajili ya choo.

Usalama. Ondoa mikeka na mifuko inayoteleza njiani. Avae viatu vinavyoshika mguu, si ndara. Weka mti imara wa kushikilia chooni, na tochi karibu na kitanda. Kitambaa laini cha kuteleza kikitandikwa katikati ya kitanda humsaidia kujigeuza usiku.

KIKUNDI CHINI YA MWEMBE

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mazoezi ya peke yako huchosha. Wiki ya kwanza mtu hufanya, ya pili hufanya nusu, ya tatu huacha. Na mlezi naye ana mtoto mgongoni, ana shamba, ana sufuria jikoni. Ndiyo maana tunahitaji wengine.

Mjini Brooklyn huko New York, tangu mwaka wa 2001, wacheza densi wa kundi la Mark Morris wamekuwa wakiwafundisha wagonjwa wa Parkinson kucheza, na mpango huo umeenea katika nchi nyingi. Mimi niliposikia habari hiyo nilicheka kidogo. Je, sisi tunakosa nyimbo? Tunakosa ngoma? Tunakosa akina mama wanaokutana kila wiki?

Nilikwenda kwenye chama cha nyanya nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi leo. Nikakiri kosa langu. Kukawa kimya. Kisha wakaamua kwamba mkutano wa kila Alhamisi ufanyike nyumbani kwake, chini ya mwembe, ili asilazimike kusafiri. Yule mama aliyekuwa amesema habari ya changaa alikuja siku ya kwanza amebeba kiti chenye mikono, akakiweka kivulini, akasema, "Hiki ni cha nyanya." Hakusema zaidi.

Baada ya wiki chache wakaja wengine wawili: baba mmoja aliyekuwa fundi viatu, na mwalimu ambaye bado hajafika miaka 50. Wote walikuwa wamefichwa.

Nikueleze jinsi saa ile moja ilivyopangwa, ili nanyi muweze kuianzisha kwenu. Si lazima muwe wengi. Familia tatu zinatosha. Mshirikisheni mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chenu.

Saa nne asubuhi wanafika, wakati tembe za asubuhi zinafanya kazi. Dakika kumi za kwanza ni salamu. Kila mmoja anataja jina lake kwa sauti kubwa na anasema wiki ilikuwaje. Ameanguka? Tembe zipo?

Dakika kumi na tano zinazofuata wanakaa kwenye viti. Wananyoosha mikono juu kama wanaochuma embe, wanageuza kiwiliwili kushoto na kulia, wanafungua na kufunga vidole, wanapiga miguu chini. Wanainuka na kuketi mara tano.

Dakika kumi na tano nyingine wanatembea kwa wimbo kuzunguka mwembe. Kila mgonjwa anayeweza kuanguka ana mtu mmoja kando yake. Nyimbo ni zile wanazozipenda: za kanisani, kasida, za harusi, hata zile za zamani za redio.

Dakika kumi ni za mikono. Wanachambua maharagwe, wanafunga na kufungua vifungo, wanaandika majina yao kwa herufi kubwa. Nyanya hurudishiwa sarafu za chama azihesabu. Zikianguka, zinaokotwa, anaendelea.

Dakika kumi za mwisho ni chai, katika vikombe vizito vyenye mikono miwili au vilivyojazwa nusu. Hakuna anayemkodolea macho aliyemwaga.

MLEZI NAYE NI MTU

Wakati wagonjwa wanakunywa chai, walezi huketi kando. Hapo ndipo nilipojua kwamba mke wa mwana wa nyanya alikuwa akiamka mara nne usiku kumgeuza, na kwamba siku za soko binti yake wa darasa la sita alikuwa hakwendi shule ili abaki na nyanya. Hakuwa amemwambia mtu. Alisema, "Ningesema, wangedhani namchoka mama."

Mama unayelea, kuchoka si kumkosea heshima mzazi. Chama kilipanga zamu: kila siku ya soko mwanachama mmoja hukaa na nyanya kuanzia asubuhi hadi saa nane. Binti yule sasa haachi shule. Wana wa kiume nao waliitwa, wakaambiwa kwamba kumgeuza mama usiku si kazi ya mke peke yake. Mmoja alinung'unika, lakini anafanya.

Kwa hivyo mlezi, fanya mambo manne. Lala usingizi wa kutosha angalau siku mbili kwa wiki, mtu mwingine akishika zamu. Pimwa shinikizo la damu unapompeleka mgonjwa kliniki. Mpe mgonjwa nafasi ya kufanya anachoweza mwenyewe, hata kama anachelewa; ukimvalisha kila kitu, kesho hataweza. Na ukijikuta unamfokea kila mara au unafikiria mabaya, zungumza na muuguzi kabla hujazama.

KABLA SIJAKUAGA

Msikilizaji, sitaki nikudanganye. Nyanya wetu hakupona. Mkono bado unatetemeka. Ana siku ambazo hawezi kuinuka, na mwaka jana alianguka kwenye mlango wa jikoni, akashonwa nyuzi tatu. Ugonjwa huu huendelea mbele. Lakini kidonda cha kiuno kilifunga. Anatembea hadi langoni na kurudi. Alhamisi yeye ndiye anayeanzisha wimbo, kwa sauti ndogo, na wengine hunyamaza mpaka amalize mstari wa kwanza.

Juzi aliniuliza, "Msichana wangu, leo nipumzike?" Nikamwambia, "Nyanya, tuzunguke mwembe kwanza." Akacheka. Uso ulisogea kidogo tu, lakini mimi namjua, alicheka.

Kumbuka basi. Anayetetemeka apelekwe hospitali. Dawa zake zimezwe kwa saa, kwa maji, zisikatizwe ghafla. Atembee, aimbe, atumie mikono kila siku. Asikae peke yake, na mlezi wake asibaki peke yake.

Mkikutana katika kikundi chenu wiki hii, jadilianeni maswali haya matatu. La kwanza: Ni nani katika kijiji chetu ambaye hatujamwona kwa miezi kadhaa, na kwa nini? La pili: Tumewahi kusema neno gani kuhusu mtu anayetetemeka, na sasa tutasema nini? La tatu: Ni siku gani na mahali gani tunaweza kukutana kwa saa moja, na nani atabeba kiti?